Hapana Niliyomwandikisha Gababo

Mpendwa mshauri, Bi. Sadia, assalaam aleikum.

Kabla ya jambo lolote naomba radhi kwa kimya changu cha karibu miaka miwili. Nilizoea kukuandikia kila mwezi, mara chache kuuliza na mara nyingi kukusahihisha, na uliposoma barua yangu ya mwisho redioni ukairuka nusu yake nilinuna kama mtoto, nikaapa kwamba kalamu yangu haitakugusa tena. Leo kiapo kimenishinda. Naomba msaada, na safari hii sina ninachosahihisha ila nafsi yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza Merti na baadaye hapa Isiolo mjini, na tangu nistaafu nimeketi katika baraza la wazee wa mtaa wetu. Dada yangu alipofariki aliniachia binti mmoja, Gababo, ambaye sasa ana miaka ishirini na mitano, na ambaye huniita Abuya, kama sisi Waborana tunavyomwita mjomba, na akilitamka neno hilo mimi sina nguvu ya kumkatalia kitu. Nalikiri hili mapema ili usipoteze muda kulitafuta.

Miaka sita iliyopita Gababo alikuwa akiuza maziwa ya ngamia yanayoletwa kwa gari kutoka Kulamawe, na asubuhi moja akamshutumu muuzaji mwenzake, Kowsar, kwamba ametia maji katika maziwa na kuwaharibia wote jina, wakatukanana, wakashikana, Gababo akammwagia Kowsar lita tano za maziwa kichwani na kumpiga kwa kifuniko cha mtungi, askari wakamchukua, akashtakiwa kwa kuzua fujo hadharani, akakiri, na hakimu akamwamuru afagie uwanja wa ofisi ya serikali kwa wiki mbili. Akafagia. Nilipita pale siku ya tatu nikamwona ameinamia ufagio, nikageuza njia, kwa sababu sikutaka aone uso wangu ulivyokuwa.

Alipomaliza kufagia, sisi wazee tulikaa na familia zote mbili, tukatafuna buni zilizokaangwa kwa samli, kama ilivyo desturi yetu ya kupatanisha, tukawabariki wasichana, nami ndiye niliyetamka neno la mwisho: “Jambo hili limekwisha. Halitatajwa tena, kwa hasira wala kwa mzaha. Atakayelitaja, yeye ndiye atakayekuwa amelifufua.” Na kweli halikutajwa. Leo Kowsar na Gababo ni marafiki wa kuazimana nguo za harusi.

Baadaye Gababo alikwenda chuoni akasomea upimaji wa vyakula, na mwezi uliopita chama kimoja cha akina mama wafugaji, kinachofungua kituo cha kupozea maziwa, kilimchagua awe mpimaji wao, kwa sharti kwamba ajaze fomu na kuleta cheti cha polisi cha tabia njema. Alikuja kwangu na fomu ile. Nitayanukuu maneno yake kama alivyoyasema, ingawa sarufi yake inaniuma.

“Abuya, hii swali naijibu aje? Wanauliza kama nimewahi kupatikana na hatia ya kosa lolote.”

“Wazee walisema nini?”

“Walisema imeisha.”

“Basi andika Hapana.”

“Na ile ya kotini?”

“Mahakama ilikupa ufagio, wazee wakakupa amani. Lipi kubwa?”

Akaandika Hapana. Fomu ilikuwa na nafasi ya mtu mzima wa kumshuhudia mwombaji, nami nikaandika pale kwa mwandiko wangu bora: “Namjua tangu azaliwe. Hajawahi kuwa na kesi.” Nikatia sahihi. Wallahi, Bi. Sadia, sikujiona mwongo. Nilijiona mlinzi wa amani niliyoitangaza kwa kinywa changu.

Juzi cheti kikatoka. Tulikwenda saiba, kwenye duka la kompyuta, kukichapisha, na kosa lile lilikuwa limeandikwa pale, jeusi juu ya jeupe. Kijana wa saiba, Jonah, alitutazama akatuhurumia kwa namna yake. “Mzee, hii ni kitu ndogo sana. Nipee dakika tano, hii laini inapotea, hata aliyeiandika hatajua ilikuwa wapi.” Na mimi, niliyewahi kumrudisha nyumbani mwanafunzi kwa kuiba jibu moja la hesabu, sikusema la. Nilisema nitafikiri. Gababo ndiye aliyekikunja cheti akakitia mkobani, akatoka.

Mke wangu, Racho, aliposikia alicheka kicheko kisichokuwa na furaha. “Miaka yote umefundisha watoto kuandika insha. Huyu mmoja wa dada yako ndiye umemfundisha kuandika uongo?”

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni alilosema Gababo jana. “Abuya, wacha tu. Nitawaambia sitaki hiyo kazi. Nikisema ukweli, nimevunja maneno ya wazee, na wewe utaonekana mwongo mbele ya watu. Maziwa nitauza tu, si nilikuwa nauza?” Alisema hivyo akiniandalia chai, na hakuongeza sukari, kwa kuwa daktari amenikataza. Cheti kinatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Je, aseme ukweli na kuivunja amani ya watu wawili, au anyamaze na kuipoteza kazi aliyoisomea? Na mimi niliyetia sahihi, nifanye nini?

Ukiichapisha barua hii usijisumbue kuficha majina. Isiolo ni ndogo, na watu watatutambua kwa maziwa tu.

Wako,
Mwalimu Guracha


Mwalimu Guracha, wa aleikum salaam.

Karibu tena. Kwa miaka miwili hakuna aliyenisahihisha, na wasikilizaji wanasema nimeharibika. Jibu hili nakutumia kwa mkono kabla halijafika gazetini wala redioni, kwa kuwa Ijumaa haitusubiri, na sitachapisha lolote mpaka Gababo na Kowsar wenyewe wakubali. Ruhusa ya kutaja majina yao si yako kuitoa. Hilo ni kosa lako la kwanza, na tumeanza tu.

Kosa lako kubwa silihesabu kuwa uovu. Ulimpenda mtoto, ukaipenda amani yako, ukachanganya mambo mawili. Ninyi wazee mlifunga ugomvi. Jalada la mahakama hamkulifunga, wala hamkuwa na uwezo wa kulifunga. Mliwakataza watu kulitumia jambo lile kama jiwe la kumpigia mtu. Hamkumkataza msichana kujibu anapoulizwa kwa haki na mtu anayetaka kumkabidhi kazi. Angeulizwa chini ya kiapo mbele ya hakimu, ungemwambia aseme Hapana kwa sababu mlitafuna buni? Usinijibu. Najua jibu, na wewe unalijua.

Sasa kuhusu kijana wa saiba. Fujo ya sokoni ya msichana wa miaka kumi na tisa ni jambo ambalo mwajiri mwenye akili hulisoma, huuliza swali moja, kisha hugeuza ukurasa. Cheti cha polisi kilichochezewa ni kosa jipya, kubwa kuliko lile la kwanza, na angelibeba akiwa mtu mzima mwenye stashahada. Ulisema utafikiri! Mwalimu, mshukuru Mungu kwamba mpwa wako hakufikiri. Alikunja karatasi akaondoka. Huyo ndiye unayeogopa kwamba atakosa ushahidi wa tabia njema?

Na huyo huyo sasa anataka kuitupa kazi yake ili wewe usiaibike. Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli. Aibu ni yako, uibebe. Una mabega mapana, nimewahi kuyaona.

Fanya hivi. Kesho nendeni kwa Kowsar, wewe, Gababo na mzee mwingine mmoja aliyekuwapo siku ile, mkamwombe ruhusa jambo litajwe mbele ya mwajiri na si penginepo. Mwombeni kwa heshima, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwagiwa. Kisha Gababo aende mahakamani akaombe nakala ya hukumu yake na karatasi inayoonyesha kwamba alimaliza kufagia, maana cheti husema kosa tu. Hakisemi kwamba mtu alilipa. Aulize huko huko, au kwa watoaji wa msaada wa kisheria bila malipo, kama kuna njia ya kuliondoa kosa dogo la zamani katika kumbukumbu. Mimi si wakili na sitakudanganya kwamba najua.

Halafu mwende ofisini kabla ya Ijumaa, msingoje kuitwa. Anayeleta habari yake mwenyewe husikilizwa, anayefumaniwa huhojiwa. Gababo aandike barua fupi: nilijibu vibaya, jibu sahihi ni Ndiyo, ilikuwa hivi, niliadhibiwa hivi, tangu hapo sijarudia. Asikulaumu wewe katika barua yake. Wewe andika yako, useme kwamba ndiye uliyemwambia ajibu Hapana na kwamba ushuhuda uliotia sahihi haukuwa kweli. Mistari mitano inatosha. Najua itakuuma kutoandika kurasa tatu.

Wanaweza kumkataa. Sitakupaka asali. Wakimkataa, atakuwa amekataliwa kwa jambo lililotokea kweli, na mahali pengine atajaza fomu bila kutetemeka.

Jambo la mwisho: mkifika ofisini, yeye azungumze. Wewe keti. Ukiulizwa, jibu, usipoulizwa, tazama ukuta.

Sadia


Mpendwa Bi. Sadia,

Nimefanya kama ulivyoniagiza, ingawa kutazama ukuta kulikuwa kugumu kuliko ulivyodhani.

Kwa Kowsar tulikwenda jioni ya siku ile ile niliyopokea jibu lako. Nilianza kwa maneno marefu ya heshima, na nilipofika kwenye kiini Kowsar akashika kiuno. “Gababo, wewe ndiye ulinimwagia maziwa mpaka nikanuka wiki nzima, na leo mimi ndiye naombwa ruhusa? Sema tu, dada. Sema mbele ya chama chote.” Kisha akanitazama, akatazama chini. “Na maji nilitia, Mwalimu. Hakuna mtu aliniuliza. Mlisema isitajwe.”

Kwa miaka sita nimejivunia amani ile, na kumbe tuliifunga kwa haraka kiasi kwamba hatukumpa mtu nafasi ya kuuliza kama shutuma ilikuwa ya kweli. Gababo ndiye aliyecheka kwanza. “Nilijua! Ilikuwa nyepesi kama chai ya hoteli.” Kowsar akamrushia kanga, na wote wawili wakacheka mpaka mama yake Kowsar akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mimi sikucheka siku ile. Nimecheka leo, peke yangu, nikinyoa ndevu. Wote wawili wanakubali uchapishe, na Kowsar anasisitiza kwamba jina lake liandikwe bila kosa.

Mahakamani Gababo alipata karatasi zake mbili, na ameelekezwa kwa wakili wa msaada ambaye atamwona mwezi ujao. Jana asubuhi tulikwenda ofisini. Meneja wa kituo, Bi. Gaceri, alisoma barua ya Gababo, akasoma yangu, akaisoma yangu mara ya pili. Akamuuliza Gababo, “Ukipata mtu ametia maji kwa maziwa leo, utamfanya nini?”

“Nitapima, niandike, nikatae hiyo maziwa, niite wewe.”

“Na akikutusi?”

“Nitaandika hiyo pia.”

Bi. Gaceri hakutabasamu wala hakukunja uso. Alisema kwamba jibu la uongo katika fomu ni jambo ambalo hawezi kuliamua peke yake, na kwamba kamati ya akina mama itakutana Jumanne. Kisha akaniuliza mimi kama niko tayari kufika mbele ya kamati hiyo na kurudia nilichoandika. Nikasema niko tayari. Hilo ndilo neno pekee nililosema.

Tulipokuwa tukirudi, karibu na nyumbani, Gababo akasema, “Abuya, hata wakikataa, leo nimelala vizuri.” Ilikuwa saa tano asubuhi. Sikumsahihisha.

Jumanne nitavaa koti langu la shule, niende kurudia mbele ya akina mama wale kwamba nilimdanganyisha mtoto wa dada yangu. Uamuzi ukitolewa, uwe wa kumchukua au wa kumkataa, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kwa mistari michache, na ukipenda uisome yote.

Mwalimu Guracha