Mtandio Kwenye Kitasa cha Mlango

Ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha sabuni
Jumapili, tarehe tisa, mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo kama ungepokea simu. Hujambo? Mkeo hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Sisi huku miili ni mizima. Goti langu limenyamaza wiki hii. Mama anakula, ila nusu sahani.

Nimeshika kalamu kwa sababu nimekupigia mara sita hupokei, na jirani yetu muuguzi anasafiri kesho kuja huko. Amekubali kubeba barua. Isome ukiwa umekaa.

Ripoti yako ya ufundishaji kwa Kiingereza imefika huku. Haikuja kwetu, ilikwenda kwa wakaguzi wa shule. Walimu kumi na wawili uliokaa nyuma ya madarasa yao na kinasa sauti chako umewapa namba badala ya majina, na hapo ulifanya vizuri. Lakini kuhusu Mwalimu wa Nane umeandika kwamba somo la sayansi likikwama kwa Kiingereza, hutundika mtandio wake wa buluu kwenye kitasa cha nje, hufunga mlango na kueleza kwa Kiswahili mpaka darasa lielewe. Mtandio ni wa kuwaambia wenzake wabishe hodi kwanza. Kisha huutoa, hufungua mlango na kurudi kwenye Kiingereza kama kanuni inavyotaka.

Shule nzima inaujua mtandio wa Mama.

Mkaguzi alikuja Jumanne, kipindi cha pili. Alipita milango mitano akasimama kwenye wa sita. Hakubisha. Mama alikuwa ubaoni akionyesha umeme unavyosafiri kwenye waya, na wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamenyoosha mikono. Mkaguzi alitabasamu, akamsalimia kwa adabu kabisa: “Mwalimu wa Nane, hujambo?”

Mama akajibu, “Sijambo.” Ananiambia neno lilishatoka ndipo akaelewa amekiri nini.

Amesimamishwa kazi. Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi, tarehe ishirini, saa tatu asubuhi. Miaka thelathini na mmoja ya chaki, na alibakiza miezi kumi na minne astaafu.

Nisikulaumu peke yako. Rasimu uliniletea mimi niipitie. Nilikata kurasa nzima, na pembeni ya mtandio nikaandika kwamba hiyo ndiyo sentensi pekee inayopumua, usiiguse. Kazi yangu ya gazeti ni kuwaficha wanaonieleza mambo. Nimewahi kumgeuza dereva kuwa karani na kumpunguzia miaka kumi ili asijulikane. Kwa mama yangu mwenyewe sikuona kitu. Kwa hiyo tuko wawili.

Sasa hili la rekodi. Mkuu wa shule alikuja hapa, akakataa kiti, akasema kamati inataka rekodi za walimu wote kumi na wawili. Ikisikia kwamba wote hufanya vilevile, Mama atapewa onyo tu, kisha wengine wataitwa mmoja mmoja. Akasema pia kwamba umemwandikia kukubali kuzituma. Nilitaka asiwe anasema kweli, lakini barua pepe yako alinionyesha.

Usizitume. Nakuomba kama dada na kama mtu anayejua hizi kamati zinavyofanya kazi.

Mama hataki. Nilimweleza mpango wa mkuu wa shule taratibu, nikijua nikimharakisha atanifukuza jikoni. Aliendelea kuchambua mchele. Akaanza kunihesabia wenzake: wa hesabu analea watoto watatu peke yake, wale wawili wapya hawajathibitishwa kazini. Mwisho akasema, “Wale walimfungulia mlango mtoto wangu kwa sababu ni mtoto wangu.” Akarudi kwenye mchele.

Profesa Chaki, rafiki yake wa zamani, ndiye mwalimu pekee aliyekuja kumwona. Katika ripoti yako yeye ni Mwalimu wa Tatu. Alitania kwamba ana wivu, Mama kapewa mtandio na yeye kaandikwa ana sauti kubwa tu, kama muuza magazeti. Tulicheka. Alipoaga alisahau miwani akarudi kuichukua, na pale mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama zile rekodi zinasikika vizuri.

Kikao kitaendeshwa kwa Kiingereza. Niliomba Mama ajitetee kwa Kiswahili, wakanijibu kwa mstari mmoja kwamba haiwezekani. Tunafanya mazoezi mezani, mimi nikijifanya mwenyekiti. Huanza vizuri. Nikimuuliza kwa nini alivunja kanuni, hukwama. Jana aliweka karatasi chini akaniambia, “Kwa Kiingereza nitasema ninachoweza. Ninachotaka kusema kitabaki hapa jikoni.”

Nimeripoti kesi nyingi, mdogo wangu. Hii naiona inavyoisha na sijui cha kufanya. Usiku silali, mchana naandika habari za mabomba yaliyopasuka.

Katika ripoti yako kuna ukurasa wa arobaini na moja. Kwa Mwalimu wa Nane, mlango ukiwa wazi, wanafunzi watatu huuliza swali. Ukifungwa, kumi na tisa. Umeandika kwamba umekuta hali hiyohiyo katika nchi nyingine nne, kila mahali mwalimu akijificha ili aeleweke. Mkaguzi hakufika ukurasa huo, au alifika akauruka.

Njoo uusome mbele yao. Barua hii utaipata Jumanne, una siku nane kamili kabla ya kikao. Kiingereza chako wanakiamini, cha Mama wanakisahihisha. Najua itabidi ukiri kwamba uliahidi kumficha ukamfichua, na chuo chako kinaweza kukufukuza kwa hilo. Nimelipima. Bado nakwambia njoo. Na rekodi ziache huko huko zilikofungiwa.

Msalimie sana mkeo, umwambie kitambaa cha meza kilifika salama. Mbusu mtoto. Baba mdogo anakusalimu, hajaambiwa lolote, habari hizi hazifai kwa shinikizo lake la damu. Profesa Chaki naye anakusalimu, anasema utamtambua kwa sauti.

Jambo moja la mwisho. Asubuhi hii Mama ameufua ule mtandio na kuupiga pasi, akaukunja na kuutia kwenye mkoba pamoja na barua ya mashtaka. Nikamuuliza wa nini. Akasema chumba cha kamati nacho kina mlango.

Mungu akulinde njiani, maana nataka kuamini uko njiani.

Dada yako anayekupenda, pamoja na hasira zake zote