Kipimo cha Visu vya Randa

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Rama,

Assalaam aleikum. Shikamoo zako ulizoacha kwenye simu nimezisikia, marahaba. Hujambo huko Maskati? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mamako Samiha goti bado linamuuma, lakini mdomo haujambo kabisa.

Simu zako sikupokea kwa makusudi. Kwa simu ningekutolea maneno ambayo mtu mzima hayasemi. Barua hii nampa jirani yetu Sabah, anayesafiri Alhamisi, akuletee.

Likizo yako ya Idi tulikaa karakanani siku mbili tukiunda kipimo cha kurekebishia visu vya mashine ya randa. Kipande cha mvule nilikichonga mimi, chini kikawa bapa ili kiteleze juu ya meza ya mashine. Wewe ulitoboa tundu, tukafunga ile saa ndogo ya mshale niliyopewa na fundi mitambo wa Kipevu alipostaafu. Ncha yake inagusa kisu, unazungusha roli lililoshika visu kwa mkono, na mshale unakuambia kisu kipi kimepanda. Kabla ya hapo nilikuwa nabahatisha kwa kipande cha ubao, na milango ikitoka na mawimbi. Nilifurahi, Rama. Mimi mwenyewe nilikuambia uchukue video uwaonyeshe wenzio.

Video nimeiona. Watu maelfu wameitazama, nawe unasema kipimo umekibuni peke yako. Sauti yangu umeiondoa, umeweka muziki. Mwinyihaji wa karakana ya pili ameniuliza, wala hacheki, kama hiki changu nimekiiga kwako. Miaka thelathini nashika randa, leo nimekuwa mwizi wa kazi yangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huu nilikuwa nausikia tu, sasa nimeuonja. Umeniumiza sana.

Hata hivyo, hilo ningelimeza. Wewe ni damu yangu, na kijana hupenda kusifiwa.

Juzi amekuja Nyale, seremala wa Ziwa la Ng'ombe, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Aliunda kipimo kwa kufuata video yako hatua kwa hatua. Alizima swichi tu, akaingiza vidole kuzungusha roli, na mwenzake asiyejua lolote akaiwasha mashine. Vidole viwili vimekwenda. Hakunigombeza. Aliniambia, "Bwana Abubakar, mimi nilifanya vile vile alivyofanya mpwa wako."

Wajua vizuri kwamba kwetu kipimo hakiguswi mpaka plagi ichomolewe ukutani na kulazwa juu ya meza, mbele ya macho ya fundi. Siku ile niliichomoa, nikailaza, nikakuambia hilo ndilo watu waonyeshwe kwanza. Umelikata. Mamako anasema ulimweleza kwamba video ilikuwa ndefu, watu wangechoka. Wallahi, niliona haya mbele ya Nyale, na haya zile zilikuwa zako. Mtu ana watoto wanne, na chakula chao kilitoka kwenye mkono ule.

Mimi sitaki kutajwa. Baki na sifa, sema hata kipimo ulikiota. Lakini ile sehemu ya plagi irudishe leo hii, kabla hujala, kisha umpigie Nyale umwombe radhi kwa sauti yako. Nambari yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpaka yeye aniambie umempigia, simu zako sitazipokea.

Mamako na shangazi yako Kadzo wanakusalimu sana. Nisalimie wenzako unaokaa nao. Mola akuzidishie riziki ya halali, na akuhifadhie vidole vyako vyote kumi.

Mjomba wako akupendaye, hata leo,
Abubakar