Mkono wa Salamu

Alhamisi, 7 Mei

Amehamisha penseli. Sasa hivi tu, mbele ya macho yangu. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anachora paka kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, ametulia kama maji ya mtungini. Ndala za bibi yake zikasikika koridoni – papo hapo penseli ikarukia mkono wa kulia. Mlango ulipofunguka, binti yangu alikuwa mtoto mwenye adabu, na paka alikuwa na sharubu zinazokwenda kila upande.

Mama mkwe akainama kutazama. "Mke mwenzangu, huyo paka kapigwa shoti?" Akacheka peke yake, akampa kipande cha mkate. Mtoto akapokea kwa mkono wa kulia. Bibi akaridhika, akaenda zake.

Sina ubaya naye. Mume wangu yuko barabarani na lori wiki tatu kwa mwezi, na bila huyu mama ningekuwa nashona na mtoto mgongoni. Anampenda mjukuu wake kama mboni ya jicho. Ila kwake mkono wa kushoto una kazi moja tu, na kazi hiyo haifanyiwi mezani. Tangu mtoto ana miaka minne anamrekebisha. Sasa ana saba. Mwalimu wake anasema ni mpole. Mimi najua si upole. Kila jambo anafikiria kwanza mkono upi, na akimaliza kufikiria, wenzake wameshajibu.

Leo kazini Mama Pacha, anayeshona cherehani ya jirani na yangu, kaniambia habari za skauti. Mapacha wake wanakwenda kila Jumamosi saa nne, uwanja wa shule. Mlete, anasema. Mgeni anakuja mara tatu bila kuulizwa kitu. Hakuna fomu, hakuna sare, na mzazi unakaa palepale unamwona. Akipenda, mnajiunga. Asipopenda, basi mmeota jua.

Nimemwuliza mtoto. Kasema, kuna kuandika? Nikasema hakuna. Kasema, basi twende.

Jumamosi, 9 Mei

Nimefanya kosa leo. Naliandika hapa maana sina wa kumwambia.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya madarasa, una kibanda, benchi na tangi la maji. Watoto kama ishirini, skafu za kijani shingoni. Wageni hatukuwa peke yetu – kulikuwa na baba mmoja na kijana wake aliyekataa kabisa kushuka mgongoni. Kiongozi wao nilipomwona nikaijua sura. Ndiye fundi bomba aliyezibua sinki letu mwaka jana! Mama mkwe alimsimamia siku nzima kama askari jela. Fundi akaja kwetu anacheka, akachuchumaa mpaka akalingana na mtoto, akanyoosha mkono. Wa kushoto.

Binti yangu akamtazama. Akanitazama mimi. Halafu polepole, kama mtu anayegusa pasi asiyejua kama imepoa, akanyoosha na yeye wa kushoto.

Nikaupiga kofi ule mkono. Si kwa nguvu, lakini watu walisikia. Nikasema, mkono wa adabu, mwanangu. Maneno ya mama mkwe, mdomo wangu.

Fundi hakukasirika. Akasema, samahani dada, ningekwambia mapema, skauti tunasalimiana kwa kushoto, ndiyo salamu yetu. Mama Pacha akajipiga paji la uso. Alisahau kuniambia, kwake imeshakuwa kawaida. Nikageuka – watoto wote wanapeana kushoto, wengine wanakosea wanarudia, wanachekana. Na wangu, ambaye hakuhitaji kufundishwa, kaficha mikono yote miwili kwapani. Hakuitoa mpaka tunaondoka.

Njiani nikamwomba radhi. Baada ya kona mbili akauliza, wale wote ni wa kushoto kama mimi? Nikamwambia hapana, wengi ni wa kulia, wanajifunza kushoto kwa ajili ya salamu.

"Wanajifunza?"



Jumapili, 10 Mei

Mama mkwe kauliza jana tulikwenda wapi. Nikasema kucheza na mapacha. Si uongo. Si kweli pia.

Jumamosi, 16 Mei

Saa moja asubuhi tayari kavaa viatu. Nikamwambia ni saa nne. Kasema anajua.

Tulipofika alimfuata fundi mwenyewe, akanyoosha kushoto kabla ya fundi hajanyoosha wake. Mimi mikono yangu niliishika nyuma, isije ikanisaliti tena.

Leo walifundishwa kuunganisha kamba mbili. Ya kushoto juu ya kulia, pitisha chini, halafu ya kulia juu ya kushoto, pitisha chini. Ukikosea, fundo linateleza. Wazazi nasi tukapewa kamba. Mimi kutwa nashona mifuko ya mashati ya sare, mifuko mia na themanini, mikono yangu inajua kazi – nimekosea mara tatu. Yeye alifunga mara ya kwanza. Hakuwa na haja ya kufikiria mkono upi, maana yote miwili ilikuwa na kazi.

Pacha mmoja akamwambia, nifungie na mimi bwana, kamba yangu ina kiburi. Akakataa kumfungia, akamfundisha. Nilimsikia anasema, "Siyo hivyo, unaibana kabla haijapita." Kwa sauti kubwa, sauti yake ya nyumbani, pale uwanjani mbele ya watu. Ilibidi nijifanye natafuta kitu kwenye mkoba.

Mwishoni fundi akatuita wageni. Jumamosi ijayo ni mara yetu ya tatu, ya kuamua. Mtoto atasema mwenyewe kama anataka. Na yule atakayekuwa anamleta na kumchukua lazima aje mwenyewe, ajulikane sura, atie sahihi kwenye fomu. Kutumana hakuna. Kasema, mtoto wa mtu hatoki hapa na mtu nisiyemjua.

Yule atakayekuwa anamleta. Kuanzia Juni kiwandani kwetu Jumamosi ni kazi mpaka saa nane. Baba yake yuko njiani. Kabaki mmoja tu.

Jumatano, 20 Mei

Bado sijasema. Jana mezani nilifungua mdomo, nikaomba chumvi. Leo nimefungua tena, nikaomba chumvi tena. Mama mkwe kaniuliza kama nina mimba.

Ijumaa, 22 Mei

Nimesema. Nilingoja tukunje shuka, maana mtu aliyeshika ncha mbili za shuka hawezi kukuacha katikati akaondoka. Nikamwambia yote, kuanzia salamu na kofi langu mpaka kamba na fomu.

"Kwa hiyo mimi miaka mitatu nashona, nyinyi wiki mbili mnafumua."

Nikasema ni salamu tu, Mama.

"Mtu ni salamu. Na samaki hukunjwa angali mbichi, hilo nilidhani unalijua."

Nikasema, "Tumemkunja mpaka haongei, Mama. Si wewe peke yako, na mimi nimo. Nimempiga mbele za watu kwa kusalimia."

Tukakunja mara moja, tukasogeleana, ncha zikakutana. Akasema bila kuniangalia:

"Mimi walinifunga kitambaa. Mkono huu hapa. Mwezi mzima, hata wakati wa kulala. Na sikufa."

Miaka minane katika nyumba hii, hilo sijawahi kulisikia. Nikasema, pole Mama. Kasema, pole ya nini, mambo ya kale, inua ncha yako unaburuza shuka.

Mtoto alikuwa mlangoni. Sijui kasikia kiasi gani. Akaja akakaa karibu na bibi yake, akauchukua mkono wake wa kushoto, akawa anaugeuzageuza kama anatafuta alama. Bibi akamwacha. Halafu akasema ana kazi jikoni.

Baadaye akauliza, akiwa kanipa mgongo, hao skauti nani anawaongoza. Nikasema yule fundi bomba wa sinki.

"Yule? Sinki lake halijaziba tena mpaka leo."

Kama atakuja kesho, hakusema. Na mimi sikuuliza mara ya pili. Nimepiga pasi gauni la mtoto, nimeliacha juu ya kiti.

Jumamosi, 23 Mei

Naandikia kwenye benchi, kando ya tangi, daftari juu ya mkoba. Mikono lazima ipate kazi.

Tumekuja wawili. Asubuhi mama mkwe alisema mguu unamsumbua. Mtoto hakulia. Akauliza tu, mguu upi? Bibi yake akashika goti la kulia, kisha la kushoto.

Fundi kaniuliza, anayemleta yuko wapi? Nikasema yuko njiani, Mungu anisamehe. Kasema atangoja mpaka mwisho wa salamu ya wageni. Bila kuiona sura, hiyo fomu inarudi kwenye faili, dada, hata ningependa vipi. Kasema kwa upole, lakini kasema.

Sasa wanapanga mstari. Kila Jumamosi watoto hupita kusalimia wageni waliosimama mbele ya kibanda, na mtoto anayeamua siku hiyo ndiye anayetangulia. Kwa hiyo wangu yuko mbele kabisa, hana skafu, kanyoosha shingo. Hanitazami mimi. Anatazama geti.

Geti limelia.

Ni yeye. Kavaa gauni lake la kwenda kwa watu, kaja na mwavuli na jua lote hili, na hachechemei. Fundi kamkimbilia kumwonyesha pa kusimama. Namsikia mama mkwe akimwambia sinki ni zima, ila bomba la nje linavuja. Kasimama wa mwisho kwenye safu ya wageni. Mkoba uko mkono wa kushoto kama siku zote, ili wa kulia uwe tayari kwa salamu.

Mstari umeanza. Yule baba, na kijana wake leo kashuka mgongoni. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Binti yangu anatoa kushoto, anasema habari za asubuhi, anapita. Bado wageni wawili. Mama mkwe anatazama ule mkono unavyokuja. Kabana midomo. Kageuka kushoto, kageuka kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Mimi nimeinamia daftari, ajue simwoni. Bado mgeni mmoja.

Amehamisha mkoba. Sasa hivi tu. Kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Wa kushoto umebaki mtupu, anaufumba, anaufumbua, na mtoto kashafika mbele yake na – fundi ananiita, dada, njoo na kalamu yako, fomu hii – nakuja, nakuja, ngoja niandike hili kwanza, bibi yake ana–