Kinanda Kisichokanyagwa

Tandika, Temeke

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na wewe Mama shikamoo, maana najua ndiwe unayemsomea Baba barua tangu macho yake yaanze kumsumbua, na tabia yako ya kuruka sehemu usizozipenda naijua pia. Leo nakuomba usiruke hata mstari. Magoti ya Baba yanasemaje na baridi ya Tukuyu? Migomba ya nyuma ya nyumba imepona ule upepo? Mie huku sijambo, ila mafua ya vumbi yalinikamata wiki iliyopita, nayo yameanza kuniachia. Kazini bado napiga taipu palepale. Wenzetu kadhaa wamepunguzwa, kwa hiyo kila asubuhi tunaingia ofisini tukiangalia kwanza kama meza zetu bado zipo.

Baba, kuna jambo nimekuficha mwaka wa pili sasa. Si baya, usishtuke. Najifunza kinanda. Mie Tusajigwe, mwanao, na umri huu wa miaka arobaini na moja.

Sikukuambia kwa sababu ya lile ulilonijibu nilipokuwa na miaka tisa. Ulikuwa unamfundisha kaka Ambakisye kile kinanda cha kanisani cha kukanyaga, nami nikakuomba unifundishe baada yake. Ukasema mtoto wa kike hawezi kukaa mbele ya wazee na sketi yake huku anatupa miguu juu na chini. Nikaondoka. Kaka alijifunza miezi sita akaacha, leo anaendesha malori na hata filimbi hapulizi. Mie niliendelea kukaa benchi la mbele kila Jumapili nikiangalia vidole vyako. Sisemi haya kwa kukulaumu, wakati ule ndivyo mambo yalivyokuwa. Lakini niliumia, Baba, na sijawahi kukuambia.

Hapa usharikani kwetu mwalimu wa kwaya ni Mzee Sanga, karani wa bandarini, mtu wa Njombe, mpole sana. Kwaya ilinunua kinanda kidogo cha umeme, kile cha kuweka mezani, na siku moja baada ya mazoezi nilikigusa. Akaniambia nikae. Kumbe ni rahisi hivyo, nikajiambia, maana sol-fa, zile do-re-mi za kuimbia, naijua tangu utotoni, na vidole vya mpiga taipu havihitaji kuangaliwa. Akanionyesha kibao kimoja cheupe cha katikati, akasema hapo ndipo do, siku zote, kwa kila wimbo. Wimbo ukiwa juu au chini, kuna kitufe pembeni. Unakibonyeza, kinanda chenyewe kinapandisha au kushusha sauti, na wewe vidole vyako vinabaki palepale kwenye vibao vyeupe. Vile vyeusi hatukuwa na habari navyo. Wapigaji wengi wa makwaya ya hapa mjini ndivyo wanavyopiga. Mwaka haukuisha nikawa napiga ibada nzima, na watu wakaanza kuniita mwalimu. Nami nikaitika, sikatai.

Sasa sikiliza aibu yangu. Tulikuwa na harusi ya binti wa mzee mmoja wa kanisa. Bibi harusi yuko mlangoni, umeme ukakatika. Mgao huu wa umeme hauna heshima hata kwa maharusi. Kwenye kona kuna kinanda cha zamani cha kukanyaga, kama chako kabisa, na Mzee Sanga akanionyesha kwa macho niende huko. Nikaenda, nikakaa, nikakanyaga, kikatoa sauti nzuri. Nikaanzia pale pale kwenye kibao changu cheupe nilichozoea. Wimbo ule kwa kawaida tunaushusha kwa kitufe, na kinanda kile hakina kitufe. Ukapanda juu huko ambako hata waimbaji wa sauti ya kwanza hawafiki. Akina mama wakapiga kelele kama wamemwagiwa maji, wanaume wakanyamaza, wageni wakaanza kucheka. Mzee Sanga akainua mkono, kwaya ikaimba bila kinanda, na mie nikabaki nimekaa mbele ya watu wote mikono mapajani. Wahenga walisema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Nataka ujue kitu kimoja tu cha siku ile, Baba. Nilikuwa nimevaa sketi. Miguu haikunisumbua hata kidogo. Vidole ndivyo vilivyoniaibisha.

Baada ya hapo nikaamua ninunue cha kwangu nijifunze upya. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, na siku hizi za ruksa vitu vimejaa madukani, si kama zamani tulivyokuwa tunapanga foleni ya sabuni. Nilikwenda kwanza Kariakoo. Muuzaji akanionyesha kinanda cheusi chenye taa, akabonyeza kwa kidole kimoja, ikatoka bendi nzima, ngoma, besi na gitaa. Kinatumia betri, kwa hiyo mgao haukihusu. Kitufe cha kupandisha na kushusha kipo. Mzee Sanga tuliyekwenda naye alikipenda sana, akasema nikichukue, aibu kama ile haitanipata tena. Nusura nikubali. Tatizo nilipokigusa, vibao vyake vilikuwa vyepesi kama vya kuchezea, na ukigonga kwa nguvu au ukipapasa, sauti ni ile ile.

Nikamwambia Mzee Sanga tusubiri. Jumamosi iliyofuata nikaenda peke yangu kwa Bwana Salum, mtu wa hapa hapa Temeke anayeuza vitu vilivyotumika kutoka ng'ambo. Nyuma ya majokofu kulikuwa na kinanda kirefu cha umeme kama meza ya kupigia pasi, vibao themanini na vinane. Hakina ngoma, hakina bendi, hakina kitufe cha kupandisha wala kushusha, betri hakitaki. Lakini vibao vyake ni vizito. Ukigusa polepole kinanong'ona, ukigonga kinagonga. Nilikigusa nikaona mikono yako. Bwana Salum ni mkweli wa ajabu kwa mfanyabiashara. Aliniambia, "Dada yangu, hiki hakina mbwembwe. Ukikosea, kitasema umekosea."

Nikakichukua. Mzee Sanga alipokiona alitikisa kichwa, akaniuliza umeme ukikatika nitafanya nini. Nikamjibu kwamba umeme ukikatika nitakwenda kwenye kile cha kona, na safari hii nitajua pa kuanzia. Akasema pa kuanzia hata yeye mwenyewe hapajui, asije akanidanganya. Sikutegemea kusikia hivyo kutoka kwake, nikazidi kumheshimu.

Kiliingia chumbani kwa taabu, kitanda tukakisogeza mpaka ukutani. Napiga nikivaa hedifoni ili nisiwasumbue wapangaji wenzangu, kwa hiyo wao wanasikia vibao tu vikigonga. Bi Zuhura, mama mwenye nyumba, alivumilia wiki mbili kisha akaja kunipa pole. Alidhani nimehamishia taipu nyumbani, akasema waajiri wangu watakuja kuulizwa na Mungu. Nilipomvalisha hedifoni akakaa kitandani akasikiliza mpaka nilipomaliza. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia bado natafuta wa kunifundisha, Baba.

Maana ukweli ni kwamba nimekwama. Nyimbo zile ambazo do yake iko kwenye kibao cheusi zinanishinda. Vidole vinakwisha kabla wimbo haujaisha. Na taipu imeniharibu, nagonga kila kibao kwa nguvu ile ile kama naandika barua ya mkurugenzi. Nakumbuka wewe dole gumba lako lilikuwa linapita chini ya vingine bila mtu kujua limepita lini, lakini kuona si kufundishwa. Hapa hakuna wa kunionyesha.

Mwezi wa kumi na mbili nina likizo ya wiki tatu, nitakuja nyumbani. Najua macho yako hayaoni vizuri, lakini vidole vyangu huhitaji kuviona, utavisikia. Nifundishe, Baba. Pale pale kanisani, kwenye kinanda chako, hata wazee wakiwa wamekaa.

Msalimieni kaka Ambakisye akipita na lori lake, mwambieni vile vyandarua alivyotuma vimefika. Shangazi Subilaga, dada yake Baba, mpeni pole ya mguu. Mchungaji na mkewe nawasalimu. Bi Zuhura naye anawasalimu, ingawa hamjaonana.

Mama, hapa umesoma vizuri, asante. Sasa mpe Baba karatasi na kalamu, usimjibie. Aandike mwenyewe hata kama mistari itapishana.

Tangu utoto wangu ukiniita naitika, Baba, hata nikiwa mtoni. Safari hii ninayeita ni mimi. Niitikie.

Binti yako,
Tusajigwe