Ukuta wa Mwethya

Jumatatu, 5 Agosti 1991

Leo nimevimba kichwa na sijali! Kampuni ya sabuni imechagua duka langu. Si la Ndungu ng'ambo ya barabara — langu! Meneja, Bwana Kilonzo, anasema ukuta wa mbele utapigwa plasta mpya na rangi ya buluu, bure, jina la sabuni juu. Halafu nitakuwa ajenti wa Kathonzweni yote. Hata Ndungu atanunua sabuni kwangu. Marehemu mume wangu Kisilu angesikia hayo angepiga mluzi.

Jumatano, 7 Agosti

Fundi anabandua plasta ya zamani. Vumbi mpaka kwenye sukari. Rangi zinaanguka moja moja, na kila moja naijua. Kijani ni ya Wangui, aliyekodi hapa akafungua hoteli — mandazi yake yalinukia mpaka kanisani. Nyeupe ni ya fundi cherehani aliyemtangulia. Mwaka wa njaa, themanini na nne, rangi haikupakwa. Nilitoa bidhaa zangu zote, kanisa likaweka hapa mahindi ya njano ya msaada. Kodi sikuchukua. Hilo najivunia, na nitalisema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisema.

Ijumaa, 9 Agosti

Matofali yametokea. Na alama zake! Nilikuwa nimezisahau kabisa.

Mwaka wa sitini na nne tulipata ploti, pesa hatukuwa nazo. Akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi, wakaja kutusaidia, kama tulivyosaidiana kwa kila kazi. Tulikanyaga udongo kando ya mto, tukachoma matofali. Kila mmoja alitia alama yake kwenye tofali bichi, ijulikane nani amefanya kazi na nani amekuja kupiga domo. Yangu ni vidole viwili. Mengi yamepinda, nilikuwa bado kijana. Baadaye Kisilu akaona aibu, duka la udongo mtupu, akayafunika kwa plasta. Nami nilikubali.

Jioni susu Kalondu, bibi mkongwe wa mwethya ule, alikuwa akitoka kusaga unga. Akasimama. Akaweka chini mzigo, akatafuta alama yake ya vidole vitatu. Vidole vyake vimekunjika, havikuingia tena. Akasema polepole, "Miaka yote hii napita hapa nikidhani ni nyumba ya Kisilu."

Nilimpa sabuni.

Jumapili, 11 Agosti

Habari zimeenea. Baada ya ibada walikuja wakiwa na nguo zao nzuri, wakainama ukutani kutafuta alama. Syokau alikuta ya marehemu mama yake, akalia. Nilisimama mlangoni nikajiona tajiri kuliko meneja yeyote.

Lakini Mutiso, mwanangu, ameniambia ukweli: mwaitu, mama yangu, alama hazileti wateja, uajenti unaleta. Na Bwana Kilonzo ameonekana kwa Ndungu akinywa soda. Nautaka uajenti ule, sitajidanganya. Nimeuomba kwa Mungu tangu Kisilu afariki.

Nilimsihi meneja jina la sabuni lipakwe mlangoni tu. Amekataa. Ukuta wote au basi.

Jumatatu, 12 Agosti

Simiti imekorogwa. Bwana Kilonzo ameegemea gari lake, anaangalia saa. Anasema ng'ambo si mbali.

Akina mama wamefika mapema. Hawajaleta ugomvi wowote. Wameketi barazani, migongo kwenye matofali, wanabambua mbaazi na kuzungumza juu ya mvua. Susu Kalondu yuko katikati. Amenisalimu vizuri, akaniuliza kama biashara iko sawa.

Mutiso ananitazama. Nimeingia nyuma ya kaunta kuandika haya.

Fundi amechungulia. "Mama Mutiso, simiti inakauka."

Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Na leo nina mengi ya kuandika.