Zamu Yangu kwa Daktari wa Meno

Mwanangu,

Chakula nimekifunika jikoni. Nguo uzianue, wingu limetanda. Mimi na Kibogoyo wako tumerudi kwa daktari wa meno.

Usishtuke! Jino lake limeshazibwa asubuhi. Mwanzoni alifumba mdomo, daktari akambembeleza mpaka akachoka. Nikasema, "Kitendawili!" Unamjua mwanao, hawezi kujizuia. "Tega!"

"Kuta mbili za mawe meupe, mwenye nyumba mwekundu."

"Kinywa na ulimi! Lakini fungua chako kwanza, Bibi."

Basi nikapanda mimi kwenye kile kiti, nikaachama. Daktari akachungulia, akaguna. "Mama, hili la nyuma limeoza. Kula kwanza, urudi mchana tuling'oe." Kibogoyo alicheka mpaka akapanda kitini mwenyewe!

~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie tu, nami nilimcheka lake lilipong'olewa.

Jioni nipikie kitu laini. Naogopa kidogo, lakini mjukuu wangu ameapa kunishika mkono na kunitegea vitendawili mpaka jino litoke. Nitajibuje na koleo mdomoni, sijui. Ataniambia nimpe mji!

Mama yako,
kibogoyo wa pili