Msimulizi wa Filamu Bubu

Jumatatu, 4 Februari 2008
Naapa kuandika yote humu, hata yatakayonitia aibu. Leo nimeitazama tena filamu. Mara ya tisa. Msichana anafua nguo za watu na anataka kuwa mwigizaji wa jukwaani. Hakuna sauti, ila maandishi ya Kiingereza yanayotokea na kutoweka. Jumamosi kina mama wataonyeshwa ukumbini, hapa ugenini mtaa wa Balsall Heath, na wengi hawasomi Kiingereza. Mimi ndiye msimulizi. Nimeandika kurasa kumi na mbili za Kiswahili safi. Mama amenisahihishia mbili.

Jumatano, 6 Februari
Nina hasira. Kalamu inatoboa karatasi.

Bi Zuhura, mwenyekiti wa kina mama, alikuja kunywa chai. Akanisifu. "Rukia wako ana ulimi mzuri, mashallah." Mama akajibu upesi kama aliyeungua: "Aa, huyu? Hajui kitu. Atatutia aibu bure. Nasra wako ndiye mwenye sauti."

Najua ni adabu. Kwetu mama hamsifu mwanawe mbele ya mgeni, anaogopa kijicho. Mgeni naye anatakiwa abishe, abishe tena, mpaka mama akubali. Bi Zuhura hakubisha. Alisema, "Basi asome Nasra."

Mama akatabasamu. Akamwongezea chai. Akamwongezea chai!

Alhamisi, 7 Februari
Nilimwambia Mama ampigie simu Bi Zuhura.

"Nimwambie nini? Kwamba wangu ni bora kuliko wake?"

Ndiyo! Mwambie hivyo hivyo!

Namchukia Mama. Hapana. Nayachukia maneno yale. Shuleni nilimpa Nasra kurasa zangu, na iliniuma kuzitoa. Hakuzipokea. "Usijali, nita-translate pale pale." Nasra, ambaye ukimwamkia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza.

Ijumaa, 8 Februari
Sina la kuandika. Tumekaanga sambusa.

Jumamosi, 9 Februari
Nasra alingoja maandishi yatokee, akayatafsiri kichwani, neno moja moja. Filamu haimngoji mtu. Bibi mmoja wa Mombasa akapaza sauti kutoka nyuma: "Wewe binti, huyo keshafukuzwa kazi, wewe bado unamvisha aproni!" Ukumbi mzima ukacheka. Nasra akaacha kutafsiri, macho yamejaa machozi. Nilimwonea huruma. Sikutaka kumhurumia.

Nilikuwa mlangoni na sinia la sambusa. Ikafika pale mwenye ukumbi wa maonyesho anapomtazama yule msichana juu mpaka chini, midomo inacheza. Katika kurasa zangu anasema nafasi zimejaa. Sikusema hivyo. Nilisema kwa sauti yangu yote:

"Aa, huyu? Hajui kitu. Atatutia aibu bure."

Walicheka mpaka viti vikalia. "Haya, endelea, mwanangu!" yule bibi akaita. Nikaendelea mpaka mwisho, sinia mkononi, bila karatasi hata moja. Vigelegele. Nasra naye alipiga makofi.

Mama peke yake hakucheka. Taa zilipowashwa alikuwa anaokota vikombe.

Nilifanya makusudi. Nilitaka imuume. Nadhani imemuuma.

Jumapili, 10 Februari
Mvua. Tumekunja nguo pamoja na Mama, yeye ncha hii ya shuka, mimi ile.

Mchana Bi Zuhura alipiga simu. Anataka nisimulie tena mwezi ujao, kwa kina mama wa mtaa wa Nechells. Nilimsikia Mama kutoka ngazini.

"Aa, huyu hajui..."

Nilidhani simu imekatika.

"Atakuja," akasema.

Alipopita hakunitazama. Alinishika bega tu, kidogo, kama mtu anayepapasa ukuta.

Hasira imebaki, lakini si nyingi. Nimechana karatasi kutoka nyuma ya daftari hili na kuiweka ndani ya kiatu chake cha kazi, ataiona alfajiri. Nimeandika hivi: Mama, nijibu nyuma ya karatasi hii kabla hujatoka, uiache chini ya kikombe changu. Siku ile, mbele ya Bi Zuhura, moyoni mwako ulisema nini?